Mlenga Shabaha Asiye na Mikono

Leo nataka tumfikirie bwana mmoja wa Marekani, Matt Stutzman, mpiga upinde mashuhuri, ambaye alizaliwa bila mikono.

Msidhani nimekosea. Mzee wa Ukambani ajuaye mambo ya uta ataniuliza, "Sasa upote auvuta kwa kitu gani?" Ni swali la haki.

Huketi kitini, akaushika upinde kwa mguu wa kulia. Begani amevaa mkanda wenye kifyatulio, na upote hunaswa hapo. Kisha hunyosha mguu polepole. Upinde ndio uendao mbele. Akiisha kulenga, hukigusa kifyatulio kwa taya, mshale ukaenda. Upinde huo huitwa kompaundi. Una magurudumu madogo kwenye ncha zake, nayo hupunguza uzito upote ukiisha kuvutwa, mtu alenge bila kutetemeka. Haukubuniwa kwa ajili yake. Washindani wenzake wenye mikono hutumia wa aina iyo hiyo. Shabaha iko mita 50, na duara la alama kumi lina upana wa sentimita 8, kama mdomo wa kikombe cha chai.

Alizaliwa mwaka 1982 huko Kansas, akalelewa Iowa na wazazi waliomchukua kuwa mwana wao. Hawakuibadilisha nyumba kwa ajili yake. Walimwacha atafute njia kwa miguu yake. Kwetu mtoto wa namna hii mara nyingi hufichwa nyuma ya nyumba, au hutendewa kila kitu mpaka asijue lolote. Sijui lipi ni baya zaidi.

Karibu mwaka 2010 alikuwa na watoto lakini hana kazi. Waajiri waliona mabega matupu tu. Akanunua upinde awinde, nyumbani wapate nyama. Hakuwa na mwalimu wa kumwonyesha jinsi ya kupiga kwa mguu, basi akajifunza mwenyewe.

Mwaka 2012 huko London, katika michezo ya Paralimpiki, alipata medali ya fedha, akishindwa na Jere Forsberg wa Finland. Mwaka 2015 huko Texas alipiga shabaha iliyokuwa mita 283.47, na wakati ule hakuna aliyekuwa ameandikwa kwa umbali kama huo, hata mwenye mikono miwili. Lakini Rio 2016 alirudi mikono mitupu (mniwie radhi kwa msemo huo), na Tokyo mwaka 2021 vilevile. Miaka kumi na miwili ni mingi kwa mtu kuendelea kulenga. Ndipo Paris, mwaka 2024, akamshinda Ai Xinliang wa China kwa alama 149 kwa 147. Mishale kumi na mitano, na mmoja tu ulikosa kumi!

Huko Paris hakuwa peke yake tena. Walikuwako wengine wasio na mikono, mmoja wao Sheetal Devi wa India, msichana wa miaka 17. Walimu wake, walipotafuta jinsi ya kumfundisha, walikuwa na Stutzman wa kumtazama. Alipata shaba pamoja na Rakesh Kumar, na mwaka 2025 huko Gwangju, Korea Kusini, akawa bingwa wa dunia.