Waranti ya Gari la Mtumba: Hesabu Niliyoipiga Kabla ya Kulipa Laki Sita na Themanini

Mimi ni mama wa Rugu, huku Karagwe mkoani Kagera. Nauza mtandaoni maharage, kahawa ya kukaanga, akamwani ile ya kutafuna, na msimu ukifika nauza senene. Wateja wangu wengi wako Mwanza, Dodoma na Dar. Leo nataka niwasimulie siku niliyokaribia kulipa shilingi 680,000 kwa kitu nisichokielewa. Najua wengi wenu mnajichanga kununua gari la kwanza la biashara, na swali hili litawakuta.

Kwanza, kwa nini gari. Mzigo wangu ulikuwa unatoka Rugu kwa bodaboda mpaka Kayanga, ndiyo unapanda basi. Mvua ikinyesha, maharage yanalowa njiani. Mwaka 2024 nilirudisha hela za wateja watatu ndani ya mwezi mmoja, na mmoja akaniandika kwenye grupu kwamba mimi ni tapeli. Mnajua wenyewe, ukishaitwa tapeli mtandaoni, kusafisha jina ni kazi kuliko kuuza.

Kwa hiyo Oktoba ile, na akiba ya miaka mitatu pamoja na mkopo wa kikundi, nilishuka Mwanza kwenye yadi ya magari. Nikapata Probox ya 2012, injini ya 1NZ, cc 1,500, kwa milioni 13 na nusu. Nikishatenga za bima na mafuta ya kurudi nyumbani, nilibakiwa na 900,000. Hiyo ndiyo ilikuwa mtaji wangu wa senene, maana Novemba ilikuwa inagonga mlango.

Hapo ndipo muuzaji akatoa karatasi. "Dada, ongeza 680,000 tu, upate waranti ya miezi 12. Injini ikifa, giaboksi ikifa, sisi tunahusika. Unalala usingizi." Akaongeza kwamba bei hiyo ni ya leo, kesho inapanda.

Kusema kweli nilishika pochi. Barabara za kwetu nazijua. Ila kitu kimoja kikanisimamisha: hata mimi huwa nawaambia wateja "ofa ya leo tu", na najua kwa nini nasema hivyo. Nikamwomba nipige picha ile karatasi, nikaenda nayo gesti.

Nilichokuta kwenye karatasi

Usiku ule niliisoma mara tatu. Nawapa mambo matano, na hata wewe ukipewa karatasi ya namna hii, anza kuyatafuta hayo.

1. *Inalipia nini hasa.* Iliandikwa "sehemu za ndani za injini na giaboksi zinazolainishwa na oili". Maana yake altaneta haimo. Stata haimo. Rejeta haimo. Shokapu, bushi, bearing za tairi, breki, klachi na betri zimeandikwa kabisa kuwa ni "vitu vinavyochakaa", havimo. Sasa jiulize, kwenye barabara ya vumbi na mashimo gari linakufa nini kwanza? Ni hivyohivyo vilivyoondolewa.

2. *Matumizi.* Kulikuwa na mstari mdogo unaosema waranti inafutika gari likitumika "kibiashara". Mimi nanunua gari la kubebea mzigo wa biashara. Asubuhi nilipomuuliza, akacheka, akasema "hiyo ni kwa wale wa michomoko wanaobeba abiria". Nikamwambia basi iandike hivyo na ugonge muhuri. Hakuandika.

3. *Matengenezo yafanyikie wapi.* Kila sevisi lazima ifanyike kwenye gereji yao Mwanza, kila kilomita 5,000. Ukimwaga oili kwa fundi wa Kayanga, umejifuta mwenyewe.

4. *Nani anabeba gari likizima.* Gari likifia Rugu, kulivuta mpaka Mwanza ni juu yangu. Kipindi kile daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado. Limefunguliwa Juni 2025. Bei niliyopewa ya gari la kuvuta ilikuwa 700,000.

5. *Unachangia kiasi gani.* Kila ukidai, unatoa 150,000 kwanza.

Hesabu yenyewe

Hapa ndipo nilipotoa daftari la mauzo. Nikampigia fundi wangu wa Kayanga, nikamuuliza injini ya 1NZ ya mtumba ni shilingi ngapi. Akaniambia niandae milioni moja na nusu, na ufundi 200,000. Jumla 1,700,000. Hiyo ndiyo hasara kubwa ninayoiogopa.

Nikiwa na waranti na injini ikafa, nitalipa 150,000 ya kuchangia na 700,000 ya kuvuta. Jumla 850,000. Kwa hiyo waranti itakuwa imeniokolea 850,000 tu, siyo 1,700,000 kama nilivyokuwa nadhani.

Na ili niokoe hiyo 850,000, nimelipa 680,000. Gawanya 680 kwa 850 unapata 0.8. Yaani waranti ile ingekuwa na faida kwangu kama magari nane kati ya kumi ya aina ile yanaua injini ndani ya mwaka. Nikamuuliza fundi. Akacheka mpaka simu ikakatika. Aliporudi akasema, "Mama, ingekuwa hivyo nisingekuwa nakaa kwenye nyumba ya kupanga." Akanieleza kuwa 1NZ inatumia cheni ya timing, siyo mkanda, na Probox za kabla ya mabadiliko ya 2014 zina giaboksi ya kawaida ya gia nne, siyo CVT. Ukimwaga oili kwa wakati na usiiache ichemshe, inadumu.

Nikarudia hesabu kama mtu wa Mwanza asiyehitaji kuvuta gari. Yeye anaokoa 1,550,000. Gawanya 680 kwa hiyo unapata karibu 0.44, yaani bado magari manne na zaidi kati ya kumi yafe injini. Kwake ni afadhali kidogo, ila bado ni ghali.

Usichanganye waranti na bima

Wengine watasema "si una bima?" Hapana, ni vitu viwili. Bima ndogo ni ya lazima kisheria, inamlipa mtu uliyemuumiza au kumharibia mali kwa gari lako. Bima kubwa inaongeza gari lako mwenyewe likipata ajali, likiibwa au likiungua. Injini iliyokufa kwa uchakavu haimo kwenye yote mawili. Na mtu akikuuzia kitu anachokiita "bima ya injini", muulize kampuni ya bima iliyoko nyuma yake ni ipi, na kama imesajiliwa na TIRA. Kama hakuna, unabaki na ahadi ya mwenye yadi. Yadi ikifungwa, na ahadi imefungwa.

Nilichofanya badala yake

Nilikataa waranti, ila sikuondoka mikono mitupu. Nilifanya mambo manne.

*Kwanza, nilitafuta fundi wangu wa kukagua.* Fundi wa Kayanga aliniunganisha na mwenzake wa Mwanza, nikamlipa 50,000. Akaja na mashine ya kupimia, akawasha gari likiwa la baridi, akaangalia moshi, akafungua kifuniko cha oili, akaliendesha nusu saa. Usikubali kukuta gari limeshapashwa moto. Injini mbovu inajificha ikiwa ya moto.

*Pili, niliomba cheti cha kusafirishia gari kutoka Japan.* Kwenye kile cheti huwa kuna kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa kule. Linganisha na dashibodi. Ya kwangu ilikaribiana. Kama kuna karatasi ya mnada iombe pia. Ukiona herufi R kwenye daraja, ujue gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali.

*Tatu, niliomba dhamana ya siku 30 bila malipo.* Nilimwambia, "Kama unaiamini injini mwaka mzima kwa 680,000, niaminie mwezi mmoja bure." Akakuna kichwa, akaandika: injini na giaboksi, siku 30, fundi yeyote, gari la mzigo. Akasaini. Meseji zote nilizomwandikia WhatsApp kwamba nataka gari la kubebea mazao kwenye barabara ya vumbi nikazitunza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi ya bidhaa na kuutegemea utaalamu wake. Ila kumbuka, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona, hiyo ni yako. Na ukidhulumiwa, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji.

*Nne, nilijiwekea waranti yangu mwenyewe.* Kwenye laini ya pili ya simu niliweka 200,000, na kila mwezi naongeza 40,000. Kwa miezi 12 inafika 680,000 ileile. Tofauti ni kwamba mwaka ukiisha, kilichobaki ni changu.

Ile 650,000 iliyobaki nikaingia nayo msimu wa senene.

Mwaka ulivyokwenda

Mwezi wa nne altaneta ilikufa, nimejaza mzigo wa watu. Fundi wa Omurushaka aliimaliza siku ileile kwa 160,000, na basi la jioni sikulikosa. Mwezi wa sita shokapu za nyuma na bearing, 210,000. Mwezi wa tisa mpira wa rejeta, 35,000. Jumla 405,000, na ndani ya hiyo hakuna hata shilingi moja ambayo ile waranti ingelipa. Mwaka ulipoisha mfuko ulikuwa na 275,000.

Injini iko salama. Lakini nawaambia ukweli: hata ingekufa, bado uamuzi ulikuwa sahihi kwa hesabu niliyokuwa nayo siku ile. Ningeumia, ningekopa, ila nisingekuwa nimekosea. Mwezi wa pili, mfuko ukiwa na 280,000 tu, nilikuwa nasikiliza kila mlio wa gari kama mama anayesikiliza kikohozi cha mtoto. Usingizi alioniahidi yule muuzaji sikuupata.

Ni lini uinunue?

Siyo kwamba kila waranti ni mbaya. Rafiki yangu anayeuza nguo Mwanza alinunua Noah yenye CVT, gereji ya muuzaji iko dakika kumi kutoka kwake, na karatasi yake inaruhusu gari la biashara. Giaboksi ikasumbua mwezi wa tano, wakaitengeneza bila yeye kutoa hela. Kwake ililipa. Kwa hiyo ifikirie ikiwa unaishi karibu na gereji yao, gari lina mfumo wenye matengenezo ghali kama CVT au haibridi, biashara yako imeruhusiwa kwa maandishi, na hasara moja kubwa itakufungia duka kabisa. Sharti moja likikosekana, toa daftari upige hesabu upya.

La mwisho, kwetu sisi wauzaji

Baada ya haya nilirudi kwenye ukurasa wangu, nikafuta maneno "tunakuhakikishia ubora". Nikaandika: "Mzigo ukikufikia umelowa au umepungua uzito, piga picha ndani ya saa 24, nakutumia mwingine kwa gharama yangu." Ahadi ndogo inayoeleweka. Yule mteja aliyeniita tapeli aliiona, akaagiza kilo tano za maharage kunijaribu. Zilifika kavu. Msimu uliofuata aliagiza senene.

Kwa hiyo ukiwekewa karatasi mbele na kalamu juu yake, sema tu, "Naomba niisome kwanza." Ofa ya kweli kesho utaikuta.