Mgeni Asiyebisha Hodi

Yuko mgeni aingiaye nyumbani mwetu pasipo kubisha hodi. Huja usiku, hula mahindi yetu, hupita juu ya vyombo vilivyoachwa wazi, kisha huenda zake kabla ya jogoo kuwika. Twamchukia panya kwa sababu ya kile anachotuibia. Lakini hasara iliyo kubwa zaidi ni kile anachotuachia.

Mwezi wa Julai, mwaka 2022, katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, watu walishikwa na ugonjwa wasioujua. Walipata homa, kuumwa kichwa na uchovu mwingi, na wengine walitokwa na damu puani. Hata kufikia tarehe 18, wagonjwa walikuwa 20, na 3 katika hao walikuwa wamekwisha kufa. Waganga wa serikali walipima damu, wasione Ebola wala Marburg. Mwisho ikajulikana kuwa ni leptospirosisi, ambayo kwa Kiswahili huitwa homa ya mgunda.

Je, homa hii hutoka wapi? Katika mwili wa kila mnyama hukaa bakteria wengi mno, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Walio wengi hawana madhara, tena wengine humsaidia mnyama kuyeyusha chakula chake. Lakini kati yao wamo wachache walio adui zetu. Bakteria wa homa ya mgunda hukaa katika figo za panya, naye haonekani kuugua hata kidogo. Kila akojoapo huwamwaga katika maji na matope, nao huweza kuishi humo siku nyingi. Mtu akipita hapo mwenye mchubuko mguuni, au akijitia maji hayo machoni au kinywani, huambukizwa.

Wala si panya wa nyumbani peke yake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, huko Morogoro, wamewaona bakteria hao katika panya buku, na hata katika kirukanjia, ambaye si wa jamaa ya panya, bali ni mla wadudu.

Adui mwingine ni tauni. Yersin alimgundua bakteria wake huko Hong Kong mwaka 1894, na mwaka 1898 Simond akaonyesha ya kuwa viroboto ndio wamchukuao kutoka kwa panya mpaka kwa mtu. Ndugu zetu wa milima ya Usambara waijua vema: iliingia wilaya ya Lushoto mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara miaka zaidi ya ishirini, na mamia ya watu wakafa. Basi mkiona panya wanakufa ovyo kijijini, msifurahi. Kiroboto huuacha mzoga uliopoa, akatafuta mwili wenye joto. Wapasheni habari waganga upesi. Na panapo tauni, viroboto na wauawe kwanza, ndipo panya.

Yatupasa kufanya nini? Mama wa nyumbani na afunike chakula na maji, na nafaka aiweke katika vyombo vyenye vifuniko. Baba na afyeke majani karibu na nyumba na kuziba matundu ya ukuta. Aendaye kulima bondeni penye maji avae viatu, na jeraha alifunge. Kwa wale walao panya wa shamba, moto huua bakteria. Hatari iko kwa mikono imchunayo, basi ioshwe kwa sabuni. Nanyi waalimu, wafundisheni watoto wasiokote mzoga wa panya kwa mikono mitupu.

Zaidi ya yote, tusiseme kila homa ni malaria, wala tusimshitaki jirani kwamba ameroga. Magonjwa haya mawili huponywa kwa dawa za hospitali, iwapo mgonjwa amewahi. Akichelewa, figo huharibika, na tauni huua kwa siku chache. Mgonjwa na amweleze mganga habari za panya, na maji aliyokanyaga. Maneno hayo machache huenda yakaokoa roho yake.

Mgeni huyu hatutaweza kumkomesha duniani. Lakini mlango ni wetu, na kuufunga ni kazi yetu.