Paka Anapotuita
Sote tunaijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula mpaka akafa. Je, sauti za paka tunazielewa? Mtoto wa paka hulia "nyau" kumwita mama yake. Akishakua, paka wenzake hawalilii hivyo mara nyingi. Hutulilia sisi, maana ameona tunamjibu, hasa siku ya samaki! Kukoroma ndiko kunakotudanganya. Nyuzi za sauti kooni mwake hutetemeka anapovuta pumzi na anapoitoa, ndiyo maana mlio haukatiki. Mara nyingi ameridhika kweli. Lakini paka mwenye maumivu naye hukoroma. Tukimwona amejikunyata pembeni, anakoroma na chakula hataki, tujue huyo anaumwa.