Waliopima jua chini ya mine

Kila mwenye kuchimba anajua ule uchungu: gunia linatoka shimoni zito, linafika ku depo, mizani inasema kilo kidogo. Palepale tunauliza: nani aliiba, ao mizani ndiyo iko mbaya? Raymond Davis, mu mine ya zahabu ya Homestake, Marekani, alibakia na swali kama hilo karibu miaka 30.

Davis hakutafuta zahabu. Metre 1.478 chini ya udongo aliweka tanki ya litre 380.000 za dawa ya kusafishia manguo, juu akamate neutrino zinazotoka ku jua. Neutrino ni kitu kidogo sana, hakina umeme, karibu hakizuiwi na kitu. Unaposoma hapa, zaidi ya miliari 60 zinapita ku ukucha wa kidole chako kila segonde, hata usiku, kwani zinapenya dunia nzima. Juu ya nini basi kushuka chini hivyo? Juu mwamba unazuia karibu vipande vingine vyote vinavyoanguka toka angani. Wale wanaoshuka Kipushi wanajua ule mwamba una unene gani.

Wenye hesabu walisema zifike ngapi. Davis alipata moja juu ya tatu. Alipima tena, miaka na miaka, ni ileile. Wengi walizani kipimo chake kina kosa, ao hesabu ya jua ni mbaya.

Jibu lilitoka mu mine zingine. Mwaka 1998, ku Kamioka, mine ya zinki ya Japani, walionyesha kama neutrino zinabadilika aina njiani. Kisha Kanada, metre 2.100 chini, mu mine ya nikeli ya Creighton karibu na Sudbury, wakatumia tone 1.000 za maji mazito. (Kule kila mutu anaoga kwanza mbele ya kuingia labo, juu vumbi ya mine inaharibu vipimo!) Mwaka 2001 na 2002 walihesabu aina zote tatu: elektroni, muoni na tau. Jumla ikatimia. Hakuna aliyeiba. Tanki ya Davis iliona aina moja tu. Alipewa Prix Nobel 2002, eko na miaka 88.

Lakini kunabakia ile ya mchanganyo. Jiwe letu moja linaweza kubeba shaba na kobalti pamoja. Vilevile kuna neutrino tatu za uzito mbalimbali, na kila moja imechanganya zile aina. Mwaka 2002, Harrison, Perkins na Scott waliandika namba nzuri sana: ya pili, moja juu ya tatu kwa kila aina; ya tatu, nusu muoni, nusu tau, elektroni zero. Wengi wakatafuta sheria gani imejificha nyuma ya uzuri huo. Mwaka 2012, ku Daya Bay, China, ile zero ikapimwa: ni karibu 2 juu ya 100. Mwenye kuuza madini anajua 2 si zero.

Sisi tunaona ni bahati kama ule uzuri ulivunjika. Kwa ile 2, sasa inawezekana kupima kama neutrino na kinyume chake zinabadilika sawasawa. Pengine ni hapo tutajua sababu gani vitu viko, na si utupu. Homestake ilifungwa kwa zahabu mwaka 2002. Watu walirudia kuchimba kule, wakatoa tone karibu 800.000 za mawe, na mwaka 2024 vyumba vya kupimia vikamalizika.