Nyasi za Ng'ombe Mvua Inapokosekana

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tunaotoka kiwandani au shambani jioni tuna ng'ombe mmoja au mbuzi wawili nyumbani, na maziwa yao ndiyo chai ya watoto. Kenya, Somalia na Ethiopia zilipokosa mvua misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mifugo ilikufa kwa mamilioni. Yafaa basi tujue nyasi hupambanaje na kiu, maana tukielewa hilo tutajua lini tuziache.

Kiwandani maji husukumwa na pampu. Nyasi hazina pampu, zenyewe huvuta. Jani lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na maji yanayotoka hapo kama mvuke huvuta yale yaliyo nyuma yake, kupitia mirija myembamba, mpaka mizizini. Ni kama uzi mmoja wa maji usiokatika. Dixon na Joly wa Dublin walilieleza jambo hili mwaka 1894. Usiku, udongo ukiwa na maji, mizizi nayo husukuma kidogo. Yale matone tunayoyaona nchani mwa majani alfajiri si umande wote. Mengine yametoka ndani ya nyasi zenyewe.

Udongo unapokauka, huyashikilia maji yaliyobaki. Mimea mingi hunyauka isiamke tena pale nguvu hiyo inapofika kama bar 15, yaani karibu mara saba ya presha ya gurudumu la gari dogo. Uzi wa maji hukazika, hewa huingia, na mrija huziba. Wenzetu wa pampu wanalijua jambo hili: bomba la kuvuta likiingiza hewa, maji hayaji. Mwaka 1966 Milburn na Johnson walitega chombo kwenye mbarika na kusikia nyuzi hizo zikikatika, tik, tik. Mmea unaolia kwa kiu si maneno ya washairi tu.

Nyasi hazikubali kushindwa upesi. Nepia, ambayo wengine huita mabingobingo, hukunja majani yake ili jua lisiyapige yote, kisha hufunga matundu. Lakini katika matundu hayo hayo ndimo inamopitisha hewa ya kutengenezea chakula chake. Ikifunga, maji hubaki na chakula hukosekana. Imekwepa kiu, imejitia njaa. Ndipo majani ya chini hukauka kwanza, na machipukizi hulindwa mpaka mwisho.

Sasa tuseme juu ya panga. Mtu akiona nepia imekunjamana, husema heri aikate yote kabla haijakauka. Sisi tunaona hiyo ni hasara. Nyasi zilizokatwa mpaka ardhini hukosa majani ya kulisha mizizi, na mizizi husimama kukua kwa siku kadhaa, wakati ule ule inapotakiwa kufuata maji chini zaidi. Tazameni alfajiri. Jani lililokunjwa mchana likiwa limefunguka, mmea bado unapata maji usiku. Likiwa bado limekunjwa, udongo umeishiwa; hapo afadhali kununua mzigo mmoja, hata kama bei inauma, kuliko kuua shina.

Mvua ikirudi, tusikimbilie machipukizi. Mirija mingine iliyoziba haifunguki tena, na shina hujenga mipya kwa akiba iliyobaki chini. Ngojeni nepia ifike kimo cha mita moja hivi, kisha mkate mkiacha kisiki cha upana wa kiganja.

Na wenye mtama wawe waangalifu zaidi. Mtama uliodumaa kwa ukame, au uliochipua upya baada ya mvua ukiwa bado mfupi, huwa na sumu ya sianidi inayoweza kumwangusha ng'ombe kwa muda mfupi tu. Mtama huo asipewe ng'ombe, na asiachwe kuingia humo kuchunga.