Dawa ya pamba isifike mtoni

Mama, msimu wa kupulizia pamba hapa Bariadi, angalia bomba linaoshewa wapi. Likioshewa mtoni au lamboni, sumu huua samaki na wadudu wanaoliwa na samaki, kisha hurudi nyumbani ndani ya ndoo. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara. Sumu ya dawa haiondoi. Na Mto Simiyu humwaga maji yake Ziwa Victoria, wanakovua na kunywa wenzetu.

Bomba lioshewe shambani, mbali na maji, na maji hayo yapuliziwe pamba hiyo hiyo. Chupa tupu itoboeni. Isiwekwe maziwa wala mafuta, hata ikioshwa mara kumi.

Mtoto aliyegusa au kunywa dawa akitokwa mate mengi, jasho au kutapika, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya, na chupa ya dawa uibebe.