Kadi ya Karatasi Dhidi ya Dawa Bandia

Kidonge bandia hakijitangazi. Rangi ni ileile, pakiti ni ileile, hata maandishi yake hufanana na ya kidonge halisi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa 1 kati ya 10 ni bandia au duni. Anayeumia ni mtoto mwenye nimonia anayemaliza dozi bila kupata nafuu.

Maabara hugundua ulaghai huo kwa kromatografia ya kimiminika, yaani mbinu ya kutenganisha viambato vya dawa. Mashine yake hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na huhitaji umeme wa uhakika na mtaalamu wa kuiendesha. Duka la dawa la kijijini litaitoa wapi?

Mwaka 2007 kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha kuwa karatasi yenye vijia vyembamba inaweza kupima sukari na protini kwenye mkojo. Haihitaji pampu, kimiminika hupanda chenyewe, kama mafuta ya taa kwenye utambi wa koroboi.

Mkemia Marya Lieberman wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, na wenzake walitumia njia hiyo kuchunguza vidonge. Kadi yao ina safu 12 zilizotengwa kwa nta, kila moja ikiwa na kemikali zilizokaushwa. Mtumiaji husugua kidonge kukatisha safu zote mpaka unga wake ung'ang'anie karatasi, kisha huchovya ukingo wa chini majini. Maji hupanda, huyeyusha kemikali na kuzikutanisha na dawa. Dakika chache tu, rangi zinachomoza, na mpangilio wake hulinganishwa na ule wa dawa halisi. Safu yenye iodini ikiwa buluu nzito, kuna wanga. Wanga peke yake si kosa, kwani viwanda vingi huutumia kujazia vidonge. Ukijitokeza kwenye dawa isiyotakiwa kuwa nao, hapo pana jambo.

Kadi hizi zimetumika Kenya, watafiti wa Eldoret wakishirikiana na wenzao wa Notre Dame kuchunguza dawa kama amoksilini. Kwa kuwa macho ya watu hutofautiana katika kusoma rangi, kadi hupigwa picha kwa simu na kompyuta iliyofunzwa huweza kuisoma.

Kadi haipimi kila kitu. Kidonge kilichopunguziwa dawa kidogo tu kinaweza kuipita salama. Sampuli zinazotiliwa shaka hupelekwa vyuoni, ambako wanafunzi huzipima kwa mashine kubwa.